Kanzidata Huhama, Bawabu Hubaki

Neno kanzidata bado ni geni masikioni mwa watu wengi, ingawa kitu chenyewe si kigeni. Asili yake ni kanzi, yaani hazina, na maana yake ni kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta kwa utaratibu unaowezesha kila jambo kupatikana upesi: jina la mtoto aliyezaliwa, namba ya kiwanja, mshahara wa mtumishi, dawa aliyopewa mgonjwa. Zamani mambo haya yaliandikwa katika daftari kubwa lililofungiwa kabatini, na aliyeshika ufunguo wa kabati alijulikana kwa jina lake. Siku hizi daftari limeingia ndani ya mashine, na ufunguo umekuwa mistari michache ya maandishi katika faili ambalo watumishi wengi hawajapata kuliona.

Programu inayotunza kanzidata haidumu milele. Watengenezaji wake hutoa matoleo mapya, na baada ya muda huacha kuyashughulikia yale ya zamani, hata kasoro za usalama zikigunduliwa. Hapo ndipo afisi hulazimika kuhamia toleo jipya. Somo hili linahusu kazi ya siku hiyo, na khasa jambo moja linalosahauliwa mno: chombo kinachohamisha kumbukumbu hakihamishi masharti ya kuzilinda. Mfano mkuu utakaotumika ni PostgreSQL, ambayo ni programu ya bure inayotumika kwa wingi duniani, na ambayo maelezo yake rasmi yako wazi kwa kila anayetaka kuhakikisha yanayosemwa hapa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kuhama kabisa, ikiwa mashine inafanya kazi na wananchi wanahudumiwa. Jawabu limo katika tukio la tarehe 25 Januari 2003. Siku hiyo programu haribifu iliyopewa jina la Slammer ilienea duniani kupitia kasoro iliyokuwamo katika kanzidata ya Microsoft iitwayo SQL Server 2000. Ilikuwa ndogo ajabu, baiti 376 tu, ambazo ni sawa na herufi za aya moja fupi. Katika muda wa dakika 10 ilikwisha kuingia katika sehemu kubwa ya kompyuta zote zilizokuwa na kasoro hiyo, na hesabu yake ilifika 75,000 au zaidi. Mashine za kutolea fedha za Bank of America ziligoma. Katika mji wa Bellevue, karibu na Seattle nchini Marekani, wapokeaji wa simu za dharura walirudi kwenye kalamu na karatasi. Nayo dawa ya kasoro ile ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Julai 2002, miezi sita kabla. Walioathirika si wazembe wote. Wengi hawakujua hata kidogo kuwa kanzidata hiyo imo katika kompyuta zao, kwa kuwa ililetwa imefichwa ndani ya programu nyingine walizonunua. Kwa hiyo kazi ya mwanzo kabisa, kabla ya kutafuta fundi, ni kuandika orodha ya kanzidata zote zilizomo afisini na namba ya toleo la kila moja.

Mabadiliko yenyewe ni ya namna mbili, na haifai kuyachanganya. PostgreSQL hutoa marekebisho madogo takriban kila miezi mitatu. Haya huziba kasoro tu, na huwekwa kwa kuizima programu, kubadilisha mafaili yake na kuiwasha tena. Kutoka 16.2 kwenda 16.3 ni badiliko la namna hii, na afisi inayolichelewesha kwa mwaka mzima haina udhuru wa maana. Toleo kubwa, kama vile kutoka 13 kwenda 17, ni jambo jingine, kwa sababu namna ya ndani ya kuweka kumbukumbu hubadilika. Kila toleo kubwa hutunzwa kwa miaka 5. Toleo la 13 lilifika mwisho wake Novemba 2025, na la 14 limepangiwa Novemba 2026. Kwa wanaotumia MySQL, toleo la 5.7 liliachwa Oktoba 2023.

Sasa tuingie katika kiini cha somo. PostgreSQL huweka masharti yake katika mafaili mawili makuu. La kwanza, postgresql.conf, hueleza namna kanzidata itakavyofanya kazi: isikilize katika anwani ipi ya mtandao, mawasiliano yake yafichwe au yasifichwe, na iandike nini katika daftari la matukio. La pili, pg_hba.conf, ndilo bawabu. Kila mstari wake hutaja nani anaruhusiwa kuingia, katika kanzidata ipi, akitokea kompyuta ipi, na athibitishwe kwa njia gani. Bawabu huyu husoma mistari yake kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaoamua. Hatazami tena iliyo chini yake.

Ili kuhamia toleo kubwa jipya, fundi huanzisha kanzidata mpya iliyo tupu, kisha hutumia chombo rasmi kiitwacho pg_upgrade kuleta ndani yake majedwali, kumbukumbu, majina ya watumiaji na maneno yao ya siri. Vyote hivyo huhama. Mafaili mawili yaliyotajwa hayahami. Kanzidata mpya huzaliwa na mafaili yake yenyewe, na iwapo fundi hakutoa maelekezo wakati wa kuianzisha, bawabu mpya huandikiwa neno "trust", maana yake amini. Kila aliyekwisha kuingia katika kompyuta ile yenyewe huaminiwa bila ya kuulizwa neno la siri, hata akijitaja kuwa ndiye msimamizi mkuu. Chombo hutoa onyo, lakini onyo lenyewe hupita kiooni pamoja na mistari mingine mingi, saa ambayo fundi anatazama mambo mengine.

Si hilo tu. Ikiwa katika kanzidata ya zamani iliamriwa kwamba mawasiliano yafichwe ili asiyehusika asiyasome njiani, amri hiyo haimo katika faili jipya. Programu za watumiaji kwa kawaida huomba mawasiliano yaliyofichwa, lakini zikinyimwa huendelea bila ya siri na bila ya kusema neno. Ikiwa iliamriwa kwamba kila anayeingia aandikwe katika daftari la matukio, nalo hilo limekwenda. Kazi za afisi zitaendelea kama kawaida, ripoti zitatoka, mishahara itahesabiwa, na hakuna atakayejua. Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Mlango uliofungwa kimakosa hupigiwa kelele tangu asubuhi. Mlango ulioachwa wazi hauna wa kuulalamikia.

Na ukelele wenyewe una madhara yake. Ichukuliwe, kwa mfano, afisi iliyohamisha kanzidata yake usiku wa Jumamosi. Jumapili fundi anaijaribu akiwa ameketi mbele ya mashine ile ile, anaingia bila ya taabu, anarudi nyumbani ameridhika. Jumatatu saa mbili asubuhi matawi yote hayawezi kuingia, kwa sababu faili jipya husikiliza ndani ya mashine yenyewe tu wala halipokei wito kutoka nje. Simu zinalia. Foleni ya wananchi imefika barazani. Mkuu wa Idara amesimama nyuma ya kiti cha fundi. Katika hali hiyo fundi, akiwa ni mwanadamu, huandika nyota mahali pa anwani ili kanzidata isikilize kila upande, halafu humwandikia bawabu mstari mmoja unaomruhusu kila mtu kutoka popote, na hujiambia kuwa ni kwa muda tu. Foleni inatembea. Mstari ule haufutwi, kwani hakuna tena kinachoukumbusha.

Dawa ya hali hiyo haipatikani Jumatatu asubuhi. Hupatikana wiki moja kabla, kwa kuyachapa mafaili ya zamani na mapya katika karatasi, watu wawili wakae pamoja, na kila mstari unaotofautiana uulizwe: uliwekwa kwa sababu gani, na sababu hiyo ingalipo? Majawabu yaandikwe. Kisha majaribio yafanywe kutoka mahali watumiaji wanapofanyia kazi, si kutoka chumba cha mashine. Wala isitoshe kuthibitisha kuwa anayestahiki anaingia. Yafaa zaidi kuthibitisha kuwa asiyestahiki anakataliwa: ajaribu mtu kwa neno la siri lisilo sahihi, ajaribu kutoka kompyuta isiyoruhusiwa, lijaribiwe jina la mtumishi aliyestaafu. Majina ya waliostaafu na waliohamishwa huhama pamoja na mengine yote, na mara nyingi siku ya kuhama ndiyo siku pekee ambapo mtu huyatazama.

Wapo mafundi wanaoikwepa kazi hiyo kwa kuyachukua mafaili ya zamani na kuyabandika juu ya mapya bila ya kusoma. Njia hii ni nyepesi, lakini nayo ina dosari yake, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza: hubeba udhaifu wa zamani hadi katika nyumba mpya. Sharti ambalo toleo jipya halilitambui tena huifanya kanzidata ikatae kuwaka, na hiyo ni rehema, maana kosa huonekana papo hapo. Yasiyoonekana ndiyo ya kuhofiwa.

Mfano ulio wazi ni wa sehemu ya pamoja iitwayo public. Hadi toleo la 14, kila mtumiaji aliyeweza kuingia katika kanzidata ya PostgreSQL aliweza pia kuunda vitu vyake katika sehemu hiyo. Mwaka 2018 watunzaji wa programu hiyo walitangaza kuwa mtumiaji mwenye cheo kidogo angeweza kuweka hapo amri yenye jina linalofanana na la amri ya kawaida, naye msimamizi akaiendesha pasi na kujua, kwa mamlaka yake yote. Toleo la 15, lililotoka Oktoba 2022, liliiondoa ruhusa hiyo. Lakini iliondolewa kwa kanzidata zinazoanzishwa upya tu. Kanzidata iliyohamishwa kutoka toleo la zamani hubaki na ruhusa zake za zamani, ili kazi za watu zisikatike. Kwa hiyo afisi inaweza kuwa na toleo la 17, ikasoma katika magazeti kuwa tundu lile limezibwa, na tundu likawa limo ndani yake vile vile. Msimamizi analiziba kwa mstari mmoja, REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC, katika kila kanzidata, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna programu halali inayoitegemea ruhusa hiyo.

Kanzidata za namna nyingine zina visa vyake. MongoDB, kwa mfano, katika matoleo yake ya awali ilisikiliza kila upande wa mtandao bila ya neno la siri isipokuwa iamriwe vingine. Januari 2017 wahalifu walipita wakifuta makumi ya maelfu ya kanzidata zilizokuwa wazi hivyo, wakiacha ujumbe wa kudai fedha. Na katika visa vingi hawakuwa wamechukua nakala yoyote ya kumrudishia aliyelipa. Toleo la 3.6, lililotoka baadaye mwaka huo huo, lilifungwa tangu mwanzo lisikilize ndani ya mashine yake tu. Aliyehamia toleo hilo huku faili lake la zamani likiamuru kusikiliza kila upande hakufaidika na mabadiliko hayo.

Kuhusu maneno ya siri, mambo ni hayo hayo. PostgreSQL kwa miaka mingi iliyahifadhi kwa njia iitwayo MD5, ambayo sasa ni dhaifu. Anayeiba alama iliyohifadhiwa anaweza kuitumia kuingia hata bila ya kulijua neno lenyewe. Njia bora, SCRAM, ililetwa na toleo la 10 mwaka 2017 na ikawa ndiyo ya kawaida kuanzia toleo la 14 mwaka 2021. Toleo la 18, la Septemba 2025, limekwisha kutangaza kuwa MD5 itaondolewa siku za mbele. Hata hivyo, kuhama peke yake hakubadilishi alama zilizokwisha kuhifadhiwa. Kila neno la siri hapana budi liwekwe upya, moja moja, na mpaka lifanyiwe hivyo hubaki katika hali yake dhaifu. Asimwamuru fundi bawabu kukubali SCRAM tu kabla ya kazi hiyo kukamilika, la sivyo wote wenye alama za zamani watafungiwa nje. Kadhalika zikaguliwe programu kongwe za afisini, kwani baadhi yake hazizungumzi SCRAM kabisa, na moja tu ya namna hiyo huweza kuwa kisingizio cha kuiacha kanzidata nzima katika MD5.

Lipo jambo jingine ambalo si la milango bali ni la uaminifu wa kumbukumbu zenyewe, na linastahiki kutajwa kwa sababu hutokea pale afisi inapobadilisha pia mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. PostgreSQL ikiwekwa katika Linux kwa kawaida huazima kutoka humo utaratibu wa kupanga maneno kialfabeti. Mwezi Agosti 2018 utaratibu huo ulibadilika katika toleo la 2.28 la maktaba iitwayo glibc. Kabla yake, maandishi "11" yalitangulia "1-1" katika mpangilio wa lugha nyingi. Baada yake, "1-1" ikatangulia "11". Badiliko linaonekana dogo. Lakini faharasa za kanzidata zimepangwa kwa utaratibu wa zamani, na mashine sasa inazitafuta kwa utaratibu mpya, kama karani anayetafuta jalada katika kabati lililopangwa na mtu mwenye alfabeti nyingine. Kiwanja kilichoandikishwa kitasemwa hakipo. Kibaya zaidi, namba iliyokusudiwa kuwa ya mtu mmoja inaweza kupewa wa pili, kwa kuwa mashine haikuiona ile ya kwanza. Faharasa zote za maandishi hupaswa kujengwa upya kwa amri ya REINDEX kabla ya milango kufunguliwa kwa wananchi. Ni kazi ya saa kadhaa katika kanzidata kubwa, na saa hizo zihesabiwe katika ratiba tangu awali.

Hakuna asiyejua kuwa kabla ya kuhama huchukuliwa nakala ya akiba. Wachache huuliza kama chombo cha kuchukulia nakala nacho kimehama. Kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilieleza yenyewe hadharani yaliyoifika tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi mmoja, akishughulikia hitilafu usiku, alifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu za seva kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, walikuta hazina yake ni tupu. Kanzidata yao ilikuwa imekwisha kuhamia toleo la 9.6, lakini chombo cha kuchukua nakala kilikuwa kikiendeshwa kwa toleo la 9.2, ambalo haliwezi kuisoma 9.6. Kila usiku kilishindwa, na kila usiku kilituma barua ya kuarifu kuwa kimeshindwa. Nazo barua hizo zilikataliwa na mfumo wa posta kwa sababu hazikuwa na uthibitisho uliotakiwa. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono wake kiasi cha saa 6 kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Yaliyoandikwa katika saa hizo yalipotea, yakiwemo majina ya watumiaji wapya kiasi cha 700.

Kwa hiyo nakala ya akiba isihesabiwe kuwa ipo mpaka irejeshwe katika mashine nyingine, ifunguliwe, na kumbukumbu kadhaa zilinganishwe. Jaribio hilo lifanywe mara mbili: kabla ya kuhama kwa chombo cha zamani, na siku inayofuata kwa chombo kipya.

Baada ya hayo kunabaki nyumba ya zamani, ambayo ndani yake zimo kumbukumbu zote kamili. Ni sahihi kuiweka kwa siku chache ili pakitokea dharura irudiwe, ila ikiwa fundi alitumia njia ya mkato ya kuunganisha mafaili badala ya kuyanakili, nyumba hiyo hairudiki mara tu mpya inapowashwa. Kwa hali yoyote iwe imezimwa, isiwe inaendelea kusikiliza kwa bawabu wa zamani, na siku ya kufutwa kwake iwe imeandikwa kwa tarehe. Hali kadhalika nakala zilizotolewa kwa ajili ya majaribio. Hizo huachwa katika kompyuta ya mkononi au katika kifaa kidogo kilichomo mtoto wa meza, na majina yaliyomo ndani yake ni ya watu wa kweli, pamoja na maradhi yao na mishahara yao.

Wakaazi nao wana haki ya kuarifiwa mapema siku ambazo huduma itasimama, kwa tangazo linalotaja saa ya kufungwa na saa ya kufunguliwa, ili mtu asisafiri kutoka shamba bure. Nyakati hizo wadanganyifu hupenda kupiga simu wakidai kuwa "mfumo unahamishwa" na kumtaka mtumishi au mkaazi awape neno lake la siri ili asifungiwe nje. Fundi anayehamisha kanzidata hahitaji neno la siri la mtu yeyote. Maneno hayo huhama yakiwa katika alama, na likihitajika jipya, mwenyewe huitwa alibadilishe kwa mkono wake. Atakayepigiwa simu ya namna hiyo aikate, kisha amwarifu mkuu wa kitengo chake au sheha wake siku hiyo hiyo, akitaja saa na namba iliyompigia.